Je, Wajua? Mtoto wa mtaani, uchawi wa kusingiziwa na redio iliyo jikoni

Je, wajua kwamba nchini Kenya kumwita mtu mchawi ni kosa la jinai? Sheria ya Uchawi, Sura ya 67, imekuwapo tangu 1925. Kifungu cha 6 kinasema kwamba anayemshutumu mwenzake kuwa ni mchawi, au hata kutishia tu kumshutumu, anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500 au kufungwa hadi miaka mitano. Shilingi 500 za mwaka 1925 zilikuwa mali. Za leo hazijazi kikapu siku ya soko pale Kasikeu, kaunti ya Makueni. Kifungo, lakini, hakijashuka thamani. Na sheria hiyo haitaji umri: mtoto wa miaka saba anayelala kwenye veranda ya duka Sultan Hamud analindwa nayo sawa na bibi kizee anayesingiziwa uchawi Kilifi.

Je, wajua kwamba kifungu hicho hicho kina mlango wa pembeni? Hakimgusi anayepeleka shutuma yake kwa mkuu wa wilaya, polisi, chifu au mtu mwingine mwenye mamlaka. Nia ya wakoloni ilikuwa ugomvi uishie ofisini badala ya kuishia uwanjani kwa mawe na viberiti. Hivyo jirani akikuambia mtoto fulani anaroga, jibu la kisheria ni fupi: nenda ukamwambie chifu, usiniambie mimi. Wengi hunyamaza wakiambiwa hivyo.

Je, wajua kwamba mwaka 1932 mahakama jijini Nairobi iliwahukumu wanaume 60 wa Kikamba kunyongwa kwa kifo cha mwanamke mmoja? Mwanamke huyo aliitwa Mwaiki. Jirani alimshuku kuwa amemroga mkewe, na mwaka uliotangulia kundi la wanaume lilimpiga kwa fimbo hadi akafa. Washtakiwa walikuwa 70. Kesi ilizua kelele hadi Uingereza, magazeti yakaiandika, wanasiasa wakaulizana maswali, na mwishowe gavana akawapunguzia adhabu: hakuna aliyenyongwa, wakafungwa. Mwanahistoria Katherine Luongo ameichambua kesi hiyo kwa kina katika kitabu chake cha 2011 kuhusu uchawi na utawala wa kikoloni nchini Kenya.

Kelele hizo zilikuwa kampeni kubwa ya vyombo vya habari kuhusu uchawi wa Ukambani, ingawa hakuna aliyeipanga. Tena ilikwenda upande mmoja. Kilichozungumzwa ni vitanzi 60, sheria ya Mwingereza na mila ya Mkamba. Mwaiki mwenyewe, aliyekuwa nani, watoto wake walienda wapi, hakupewa nafasi. Tabia hiyo haijatutoka hadi leo: habari ya uchawi humhusu kila mtu isipokuwa aliyeshutumiwa.

Je, wajua kwamba hata king'ole, lile baraza la Wakamba la zamani lililokuwa na uwezo wa kuamua kifo cha mtu aliyeaminika kuwa mchawi au mwizi sugu, halikuenda mbele bila jamaa wa karibu wa mshtakiwa kuridhia? Siisifu king'ole, ilikuwa hukumu ya kifo. Nasema tu kwamba vijana wanaomzingira mtoto sokoni leo na kudai wanafuata mila wanadanganya. Mila iliuliza kwanza. Wao hawaulizi. Na mtoto wa mtaani hana hata jamaa wa kuulizwa, jambo linalomfanya awe rahisi kuliko wote kusingiziwa.

Je, wajua kwamba Sultan Hamud, mji ulio ndani ya wadi ya Kasikeu, una jina la mtawala wa Zanzibar? Hamoud bin Mohammed alitawala kuanzia 1896 hadi 1902, miaka ile ile reli kutoka Mombasa ilipokuwa ikikata nyika ya Ukambani. Ndiye aliyetia saini amri ya 1897 iliyouondolea utumwa uhalali wa kisheria Unguja na Pemba. Sasa mji wake ni kituo cha malori kwenye barabara kuu ya Mombasa, kama ilivyo Emali na Mtito Andei. Palipo na malori pana mabaki ya chakula, na pana vibarua vidogo vidogo vya kubeba na kuosha. Watoto waliofukuzwa nyumbani hufika mahali kama hapo wenyewe, bila kuonyeshwa njia.

Je, wajua idadi yao? Sensa ya kitaifa ya familia za mitaani iliyofanywa 2018 ilihesabu watu 46,639 Kenya nzima. Nairobi iliongoza kwa 15,337, ikafuatwa na Mombasa kwa 7,529. Ukitazama ramani utaona Kasikeu iko njiani kati ya miji hiyo miwili.

Je, wajua kwamba jijini Kinshasa, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, shutuma za uchawi ndizo zilizowapeleka watoto wengi mtaani, wala si mtaa uliowafundisha uchawi? Ripoti ya Human Rights Watch ya Aprili 2006 ilinukuu makadirio ya watetezi wa watoto kwamba hadi asilimia 70 ya watoto wa mtaani jijini humo walikuwa wameshutumiwa uchawi nyumbani kabla ya kutoka. Huku kwetu mtu akimwona chokoraa mchafu mwenye chupa ya gundi husema, "Huyu ana mapepo." Kinshasa walianza na mapepo, chupa ikaja baadaye.

Na wanaoshutumiwa si watoto wowote tu. Utafiti uliochapishwa na UNICEF mwaka 2010, ulioandikwa na mwanaanthropolojia Aleksandra Cimpric, unawataja: yatima walioachwa kwa mjomba au shangazi, mtoto wa kambo, mwenye kifafa, mwenye ulemavu, mwenye ualbino, anayekojoa kitandani, mkaidi, mkimya kupita kiasi, na hata mwerevu kupita kiasi. Ukisoma orodha hiyo unatambua haraka kwamba ni orodha ya watoto wanaogharimu. Mdomo wa ziada ndani ya nyumba isiyo na unga hupatiwa sababu ya kuondoka, na sababu ikiitwa uchawi hakuna anayeona aibu.

Wajua pia kwamba jambo hilo si la kale kama linavyodaiwa? Kongo ya zamani iliwashuku zaidi wazee. Watoto walianza kuandamwa kwa wingi katika miaka ya 1990, baada ya uporaji mkubwa wa 1991 na 1993 kuangusha uchumi wa Kinshasa, vita vikafuata, UKIMWI ukaua wazazi, na makanisa ya maombezi yakaota kila mtaa. Baadhi ya watumishi waligeuza kufukuza pepo kuwa riziki. Mtoto alifungiwa kanisani siku kadhaa bila chakula wala maji, akapigwa akiri. Mzazi alilipa.

Je, wajua kwamba Katiba ya Kongo ya 2006 inakataza kumshutumu mtoto uchawi, kwa maneno hayo hayo? Ni Ibara ya 41. Sheria ya kulinda watoto ya Januari 2009 ikaongeza adhabu katika kifungu cha 160: kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu, pamoja na faini ya faranga za Kongo 200,000 hadi milioni moja. Kwa upande huu Kongo imetutangulia. Sheria yetu ni ya 1925 na haimtaji mtoto, yao inamtaja. Bado watoto wanalala nje Kinshasa, kwa kuwa sheria iliyofungiwa kwenye gazeti la serikali haimfikii mama wa kambo aliye jikoni. Jikoni hufika redio.

Je, wajua kwamba mwaka 1692, huko Salem, Massachusetts, mtoto wa kike wa miaka minne hivi, Dorothy Good, alifungwa gerezani kwa uchawi baada ya "kukiri"? Katika mji wa Würzburg, Ujerumani, miaka ya 1620 watoto walikuwamo miongoni mwa waliouawa. Usikubali basi mtu akuambie kwamba hili ni balaa la Mwafrika.

Ulaya ilikuwa na vyombo vya habari vyake pia. Kitabu kilichofundisha jinsi ya kuwawinda wachawi, Malleus Maleficarum, kilichapishwa 1486, wakati mitambo ya uchapaji ilikuwa bado mipya, na mitambo hiyo ikakisambaza. Mwaka 1631 padri Mjesuiti Friedrich Spee alijibu kwa silaha ile ile: alichapisha kitabu Cautio Criminalis bila kuweka jina lake, akionyesha kwamba mtu akiteswa vya kutosha atakiri lolote, na kwamba kukiri kwa namna hiyo hakuthibitishi kitu. Spee hakupoteza kurasa akibishana kama uchawi upo au haupo. Alishambulia namna ya kushutumu. Kwa maoni yangu, mtengenezaji yeyote wa tangazo la redio Ukambani angefaidika kumsoma padri huyo kabla ya kushika maikrofoni.

Je, wajua kwamba ushahidi wa karibu unaonyesha Spee alilenga penyewe? Tuanze Tanzania. Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza mchezo wa kuigiza "Twende na Wakati", ambao mhusika wake mmoja, Mkwaju, ni dereva wa lori anayependa wanawake wa kila kituo na kuishia na UKIMWI. (Mkwaju angekuwa hai, Sultan Hamud angeijua vizuri.) Jambo la ajabu ni kwamba kwa miaka miwili mchezo huo haukurushwa Dodoma, makusudi, ili watafiti walinganishe waliosikia na wasiosikia. Waliosikia walionekana kubadili mienendo kuhusu uzazi wa mpango na kujikinga na virusi kuliko wale wa Dodoma. Kenya nayo ilikuwa imejaribu mapema zaidi, mwaka 1987, kwa mchezo wa redio "Ushikwapo Shikamana".

Kisha Rwanda. Nchi ambayo redio RTLM ilichochea mauaji ya 1994 ilipata, mwaka 2004, mchezo wa redio uitwao "Musekeweya", kuhusu vijiji viwili jirani vinavyogombana na vijana wanaokataa kufuata mkumbo. Mwanasaikolojia Elizabeth Levy Paluck aliwafuatilia wasikilizaji kwa mwaka mzima, akawalinganisha na wengine waliosikiliza mchezo wa afya, na kuchapisha matokeo mwaka 2009. Aligundua hivi: imani za moyoni za watu hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni walichodhani majirani zao wanakubali na kukataa, pamoja na jinsi walivyotenda.

Soma tena sentensi hiyo, msomaji, maana ndiyo uti wa mgongo wa safu hii. Ukienda hewani kwa Kikamba na kutangaza kwamba uoi, yaani uchawi, haupo, nusu ya wasikilizaji watakucheka na nusu watazima redio. Nyanya wa Kasikeu hatakubali kufundishwa na kijana wa studio mambo aliyoyajua kabla kijana huyo hajazaliwa. Lakini mchezo ambamo mwanamume anaanza kumwita mtoto mchawi mbele ya kioski, na mwenye kioski anamkatiza, na mzee wa kijiji anamwambia hayo ni makosa, na dereva wa boda boda anampandisha mtoto kumpeleka kwa chifu, huo hauhitaji mtu abadili imani. Unahitaji tu ajue kwamba akifungua mdomo atakuwa peke yake. Mshutumu hutegemea umati. Akinyimwa umati, anabaki mtu mmoja mwenye hasira.

Je, wajua kwamba Makueni ina redio ya jamii iliyoanzishwa na akina mama? Mang'elete FM, ya Nthongoni upande wa Mtito Andei, ilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kutoka muungano wa vikundi 33 vya wanawake. Hutangaza kwa Kikamba. Zipo pia stesheni za kibiashara za Kikamba, kama Musyi FM, Mbaitu FM na Athiani FM, ambazo husikika kwenye matatu na vinyozi kote Makueni na Kitui. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 987,653 Makueni na 1,136,187 Kitui. Hao ni watu zaidi ya milioni mbili wanaoweza kuambiwa jambo moja jioni moja kwa lugha ya mama. Serikali haina baraza la chifu lenye viti hivyo.

Je, wajua kwamba serikali iliwahi kuiogopa redio ya aina hiyo? Homa Bay ilipata redio ya jamii mwaka 1982 kwa msaada wa UNESCO, miongoni mwa za kwanza Afrika. Ikafungwa 1984.

Je, wajua kwamba hofu hiyo haikuwa ya bure kabisa? Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, mtangazaji wa redio ya lugha ya kienyeji, Joshua arap Sang, alifikishwa mahakama ya ICC kule The Hague kwa tuhuma za kuchochea ghasia hizo hewani. Kesi ilikatizwa Aprili 2016 kwa upungufu wa ushahidi. Na mwaka 2023 msitu wa Shakahola, Kilifi, ulifukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie. Mackenzie, aliyekuwa akieneza mafundisho yake kupitia televisheni na YouTube, alishtakiwa mwaka 2024 pamoja na wenzake kwa mauaji ya watoto 191; walikana mashtaka. Chombo kinachoweza kumwokoa mtoto ndicho hicho hicho kinachoweza kumzika.

Je, wajua kwamba filamu moja ilichangia kuleta sheria ndani ya wiki chache? Mnamo Novemba 2008 televisheni ya Channel 4 ya Uingereza ilionyesha "Saving Africa's Witch Children", kuhusu watoto wa jimbo la Akwa Ibom, Nigeria, waliotupwa mitaani, kuchomwa na kumwagiwa tindikali kwa kuitwa wachawi. Desemba hiyo hiyo jimbo lilipitisha sheria ya haki za watoto iliyofanya kumwita mtoto mchawi kuwa kosa la kufungwa. Filamu ikazoa tuzo. Baadaye, serikali iliyoona aibu mbele ya dunia iliwageukia watetezi wenyewe na kuwatuhumu, kituo cha watoto kikavamiwa. Funzo kwa waandishi wa Kenya: kampeni inayotazamwa London kabla haijasikika kijijini huacha deni, na anayelilipa ni mtoto na wanaomlea.

Je, wajua ile picha? Mwanzoni mwa 2016 picha ya mtoto wa Nigeria wa miaka miwili hivi, mifupa mitupu, akinyweshwa maji na Anja Ringgren Lovén, raia wa Denmark, ilizunguka dunia nzima. Alikuwa amefukuzwa kwa kuitwa mchawi. Michango ilimiminika, mtoto akapona, nami nashukuru. Lakini uso wake uko mtandaoni hadi kiyama, na kando yake neno ambalo hakulichagua.

Kanuni za maadili ya uanahabari zilizoambatishwa kwenye Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya Kenya ya 2013 zilielekeza kwamba mwandishi kwa kawaida asimhoji wala kumpiga picha mtoto kuhusu ustawi wake bila ridhaa ya mzazi au mtu mzima anayewajibika kwake. Hapo kwa mtoto wa mtaani pana tundu: mtu mzima anayewajibika ni nani? Mwenye hoteli anayempa makombo? Makanga? Wengine hulitumia tundu hilo na kupiga picha watakavyo. Mimi nalisoma kinyume: asipokuwapo wa kuridhia, kamera irudi mfukoni hadi afisa wa watoto afike. Sauti inatosha. Redio ina bahati hiyo, kwamba haina uso.

Je, wajua kwamba vijana wa Mathare walipewa kamera mwaka 1997, katika mradi ulioitwa Shootback, wakapiga picha za maisha yao wenyewe hadi zikatoka kitabu mwaka 1999? Inawezekana, basi, mtoto akawa nyuma ya kamera.

Je, wajua jina la Vicky Ntetema? Alikuwa mwandishi wa BBC jijini Dar es Salaam. Mwaka 2008 alijifanya mteja na kuwaendea waganga Kanda ya Ziwa, akarekodi jinsi walivyoahidi kumpatia viungo vya watu wenye ualbino. Vitisho vikamlazimu kujificha. Mwaka huo Rais Jakaya Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir, mwenye ualbino, kuwa mbunge. Mwaka 2009 serikali ikazindua kura za siri ili wananchi wawataje wauaji wa watu wenye ualbino. Na 2010 Ntetema akapokea tuzo ya ujasiri ya wanahabari wanawake duniani. Ripoti ile ilikuwa kazi ya mtu mmoja na kinasa sauti.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo magazeti mengi yaliyomfuata yalikosea: yalichapa bei. Kiungo hiki kiasi hiki, kiungo kile kiasi kile. Habari inayotaja bei haina tofauti kubwa na tangazo la biashara. Hutaiona bei kwenye safu hii.

Je, wajua kwamba matangazo mengine hujivika nguo za habari? Nguzo za stima za Nairobi zina vibandiko vya "mganga kutoka Kitui", vikiahidi mapenzi, kazi na mali iliyoibwa kurudi. Mtandaoni hadithi zile zile huchapishwa kwa kulipiwa, zikiwa na kichwa, picha na mtindo wa ripoti ya kweli, mwishoni namba ya simu. Na sisi Wakenya kwa jumla tumeifanya kamuti, yaani uchawi wa Kitui, kuwa kichekesho cha kila siku. Nami hucheka. Lakini Sheria ya Uchawi, kifungu cha 3, inampa hadi miaka kumi anayedai ujuzi wa uchawi na kumshauri mtu jinsi ya kumroga mwingine, na bado vibandiko hivyo havishuki. Mtoto wa Ukambani anayekulia katikati ya mzaha huo, akisingiziwa, atakuta nchi nzima imeshaamini nusu.

Je, wajua kwamba Uingereza huwahesabu watoto wanaoshukiwa kudhulumiwa kwa imani za aina hii? Siku ya Krismasi ya 2010, kijana wa miaka 15 wa familia ya Kikongo iliyoishi Paris aliuawa mashariki mwa London na dada yake na mpenzi wa dada, waliodai ni mchawi. Walihukumiwa 2012, na mwaka huo huo serikali ikatoa mpango wa kitaifa dhidi ya ukatili kwa watoto unaotokana na imani. Baadaye wafanyakazi wa ustawi wa jamii nchini England walianza kuandika kila shuku ya aina hiyo: 1,460 katika mwaka wa 2016/17, na 1,950 katika 2018/19. Kupanda kwa namba hizo si lazima iwe habari mbaya. Walimu na majirani waliofunzwa kutambua dalili huripoti zaidi.

Je, wajua kwamba Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio lake la kwanza dhidi ya madhara ya shutuma za uchawi Julai 2021 tu? Ni azimio namba 47/8. Watoto wa Kinshasa walikuwa wamesubiri miaka thelathini.

Je, wajua kwamba Aprili 12 ni siku ya kimataifa ya watoto wa mitaani? Mhariri wa redio anayetafuta tarehe ya kuanzisha mchezo wake, ndiyo hiyo.

Je, wajua namba 116? Ni simu ya bure ya kusaidia watoto Kenya, usiku na mchana, inayoendeshwa na Childline Kenya kwa ushirikiano na idara ya serikali ya huduma za watoto. Tanzania na Uganda zinatumia namba hiyo hiyo. Ukiwa Kasikeu, Nunguni, Wote au Mutomo na ukasikia mtoto akiitwa mchawi, ipige kabla watu hawajaongezeka. Sema mahali mlipo kwa alama zinazojulikana, umri wa mtoto unavyoukadiria, na kama ameumizwa. Kisha mpigie chifu au nenda kituo cha polisi, na ukiweza kaa na mtoto hadi wafike. Usimpige picha, na usiiweke habari yake kwenye kikundi cha WhatsApp.